Plaki ya yaya kule Virginia: KENYA, MAZEMBE, BUKARI ao LSHI05?

MwanaKenya_Lshi
Salamu toka Lubumbashi. Yaya wangu, yaani ndugu yangu mkubwa, anaishi Virginia, Marekani, na sasa amepata gari lake la kwanza. Kule jimbo linakuacha uchague mwenyewe herufi za plaki, yaani namba ya gari, mradi mtu mwingine asiwe amezichukua. Mwisho ni herufi na tarakimu 7, na unalipa dola 10 kila mwaka juu ya ada ya kawaida. Yaya anataka sisi wa nyumbani ndio tumchagulie, na nyumba imegawanyika.

KENYA ni pendekezo la papa, baba yetu, kwa sababu wote tumezaliwa katika komini ya Kenya, sehemu moja ya mji wetu. MAZEMBE, timu ya mpira ya hapa, ni ya mdogo wetu wa mwisho, naye hataki kusikia lingine. BUKARI, ndivyo tunavyouita ugali huku, ni ya mama. Mimi nimetoa LSHI05: jina la mji jinsi tunavyoliandika, na ile 05 ya mwisho wa plaki za magari ya huku. Mnaonaje? Tunataka jibu la kweli, maana atatembea nalo miaka.

Mukongo_Richmond
Ndugu, mimi niko Virginia. KENYA muiondoe leo. Papa ana haki yake, lakini huku hakuna anayejua kwamba Lubumbashi kuna komini ya jina hilo. Kila kituo cha mafuta, kila mlango wa kanisa, watamuuliza habari za Nairobi. Hata Wakongo wenzake wa Kinshasa watamchukua kuwa Mkenya. Neno unalolazimika kulieleza kwa kila mtu linachosha haraka.

Halafu aingie kwenye tovuti ya DMV, ofisi ya magari ya jimbo. Anaandika herufi anazotaka, inamwonyesha kama ziko huru. Msigombane kwanza juu ya neno ambalo pengine limekwisha kwenda.

FundiKamalondo
Mimi kazi yangu ni kuandika namba na majina kwenye magari, kwa hiyo niruhusuni niseme juu ya LSHI05. Wazo ni zuri, na mtu wa hapa akiiona moyo utaruka. Lakini iangalieni herufi kwa herufi: S na 5 zinafanana, I na 1 zinafanana, 0 na O ndiyo mbaya kuliko zote. Katika alama sita, nne zina mashaka. Mtu aliyegongwa na gari usiku akitaka kuikumbuka ataandika nini? Na askari anayeisoma toka mbali? Uingereza waliliona hilo, ndiyo maana herufi I na Q hawazitumii katika namba za kawaida za magari.

Neno zima ni tofauti. BUKARI ina B inayoweza kuonekana 8, na I mwishoni, lakini mwenye kulijua neno analisoma mara moja. MAZEMBE vilevile.

Cheminot_wa_Kampemba
Mimi ni mtu wa Lupopo, timu mpinzani wa Mazembe hapa mjini, toka utoto, na nitasema bila chuki. Mazembe wana mataji 5 ya ligi ya mabingwa wa Afrika: 1967, 1968, 2009, 2010 na 2015. Mwaka 2010 walifika mpaka fainali ya dunia Abu Dhabi, Inter Milan ikawafunga 3-0. Hakuna timu nyingine ya Kongo iliyofika pale, na siku ile hata sisi tuliwashangilia.

Lakini gari la yaya ni la familia. Litabeba wajomba, litabeba mashemeji, na katika familia yoyote ya Lubumbashi lazima kuna Lupopo ndani. Mnamfanya shemeji apande gari lenye jina la mpinzani wake kwenda msibani.

MdogoWaMwisho
Shemeji atembee kwa miguu. MAZEMBE ina herufi 7 kamili, kama vile plaki imetengenezwa kwa ajili yake.

Papa_Mstaafu_GCM
Wanangu, na mimi mzee niongeze moja: SHABA. Herufi 5 tu, wazi kabisa. Sisi tuliokula jasho la Gécamines, kampuni ya migodi, tunajua kwamba mji huu umejengwa juu ya shaba. Na gari si sahani, sioni kwa nini litembee na jina la chakula.

Dada_Katuba
Papa, kwa heshima yote. Shaba ya mgodi ni yetu sote. Ila Shaba ndilo jina Mobutu alilolipa jimbo letu, tukalibeba mpaka 1997 Katanga iliporudi. Kuna watu wa umri wako kule Marekani ambao wakiliona watakumbuka vita vya 1977 na 1978, sio shaba. Yaya hatajua aliyesimama nyuma yake kwenye taa nyekundu anakumbuka nini.

Papa_Mstaafu_GCM
Mwanangu, hilo sikuliwaza. Umesema vema.

Mwenzenu_Dar
Mimi nimeshangaa hiyo dola 10. Tanzania, mwaka 2016 serikali ilipandisha ada ya kuweka jina lako kutoka shilingi milioni 5 hadi milioni 10, kwa miaka 3. Na Dubai, Aprili 2023, plaki iliyoandikwa P 7 iliuzwa mnadani dirhamu milioni 55. Yaya ana bahati, achague kwa moyo.

MdogoWaMwisho
Kama MAZEMBE imechukuliwa basi aweke HAKUNA. Watu watacheka.

Dada_Katuba
Mdogo wangu, hapana. Mwaka 1979 huko Los Angeles mtu mmoja alijaza fomu yenye nafasi tatu. Mbili za kwanza aliandika maneno ya mashua, na ya tatu, kwa kuwa hakutaka kitu kingine, akaandika NO PLATE, yaani bila plaki. Zile mbili zilikuwa zimechukuliwa, wakamtumia plaki inayosoma hivyohivyo. Toka hapo, kila askari aliyekuta gari lisilo na plaki aliandika NO PLATE kwenye karatasi ya faini, na karatasi zote zikaenda nyumbani kwake, kama 2,500. Ni kweli HAKUNA ni Kiswahili na kompyuta ya kule haiijui, lakini mwambieni yaya asiombe neno ambalo hataki kulipata.

Mama_Bukari
Mimi ndiye mama mwenyewe, kijana ananiandikia. Sikuchagua chakula kwa sababu ya njaa. Mwanangu aliniambia kule anaweza kupita wiki nzima bila kusikia Kiswahili cha hapa. Mtu wa Likasi, wa Kolwezi, wa Kipushi, akiona BUKARI kwenye maegesho atamngoja hapo hapo amsalimie. Mmarekani ataipita tu, haitamsumbua. Na hakuna kabila ndani yake, hakuna timu, hakuna siasa. Wote wanakula bukari na samaki tomson.

FundiKamalondo
Mama amemaliza.

MwanaKenya_Lshi
Na mimi nimeachia LSHI05, ingawa inaniuma. Tumepiga simu usiku huu. Yaya ameangalia: MAZEMBE iko huru, BUKARI pia. Mdogo amelia kidogo. Yaya amechagua BUKARI, atalipa Jumatatu.

Mukongo_Richmond
Hongereni. Plaki ikifika zitakuwa mbili, ya mbele na ya nyuma, aziweke zote, sheria ya jimbo inataka hivyo. Siku hiyohiyo abadilishe namba kwa watu wa asiransi (bima) na kwenye akaunti ya E-ZPass ya kulipia barabara, maana pale peaji, kwenye malipo ya barabara, kamera inasoma plaki, na ile ya zamani haitakuwa yake tena.