Tambara la chooni ndilo hilo hilo linalodeki jikoni, na meneja anasema jengo ni safi!

Wakuu, leo nimefika mwisho.

Asubuhi nimemwona kwa macho yangu dada wa usafi anatoka chooni na ndoo yake, moja kwa moja mpaka jiko la ofisi. Tambara lile lile. Maji yale yale, meusi, nywele zinaelea juu. Kadeki chini ya meza ya vikombe, kakimbilia ghorofa nyingine. Sakafu ikanukia maua, basi, kazi imeisha!

Simlaumu yeye. Kapewa ndoo moja, tambara moja na ghorofa tatu za kumaliza kabla watu hawajaingia kazini. Nawalaumu kampuni ya usafi na uongozi wa jengo unaosaini kila mwezi kwamba huduma imetolewa. Kutenga vifaa kwa rangi ni somo la siku ya kwanza kwenye kazi hii: cha chooni hakitoki chooni. Unaanza pasafi, unamalizia pachafu.

Na hiyo dawa ya vijidudu! Wanapuliza kwenye kitasa, papo hapo wanafuta. Dawa nyingi lazima zikae bila kukauka kwa dakika kadhaa, nyingine mpaka 10, ndipo ziue. Tena uchafu utangulie kutolewa kwa sabuni, la sivyo klorini inaishia kwenye uchafu. Kumbe tunalipia harufu.

Kilichonichemsha hasa ni cha wiki iliyopita. Dada huyo huyo alimimina dawa ya klorini juu ya ile ya asidi ya kung'arishia choo, chumba chenyewe hakina dirisha. Hakuna aliyemwambia kwamba hapo inatoka gesi ya klorini, ile iliyoua askari vitani mwaka 1915. Nilimkuta ameegemea ukuta, machozi yanamchuruzika, anakohoa hawezi kumaliza neno. Glavu hana. Nikamwandikia meneja, akajibu "aongeze umakini".

Umakini gani, wakati dawa zote mbili anamiminiwa kwenye chupa za maji ya kunywa, hazina hata lebo? Mtu angeweza kufa mle ndani!

Waliowahi kuwabana wasimamizi wao, mliandika nini kwenye mkataba mpaka wakaleta vifaa na mafunzo? Nina kikao nao Alhamisi, na naingia na ile ndoo mkononi, maji yake yakiwa humo humo.