Mpiga kura akichezewa akili, alaumiwe nani?

Wadau, tangu joto la uchaguzi wa Kenya wa 2027 lianze kupanda nasikia kauli moja kila mahali: mwananchi akidanganywa na mwanasiasa ajilaumu mwenyewe, elimu ya uraia si imetolewa? Mimi napinga.

Mtu wa Nairobi hila anazijua. Unafika stejini unakuta matatu imebakisha viti viwili tu, na unajua kabisa hao waliotulia dirishani wanapiga seti. Wamelipwa wakae ili wewe uharakishe. Ukishaketi wanateremka mmoja mmoja. Pata potea, ule mchezo wa kamari wa mtaani, ni vivyo hivyo, anayeshinda mbele ya macho yako ni mwenzao. Tunazitambua kwa sababu zinafanyika hadharani, na aliyeliwa jana leo anapiga kelele wengine wasikie. (Bado tunapanda, lakini. Mvua ikinyesha nani atasubiri?)

Simuni hakuna wa kupiga kelele. Mwaka 2017, aliyetafuta habari za uchaguzi kwenye Google aliweza kupokewa na tangazo la tovuti ya The Real Raila, lenye video iliyochora Kenya ya 2020 ikiteketea kwa vita, njaa na ugaidi endapo Raila Odinga, mgombea urais wa upinzani, angeshinda. Mlipaji hakutajwa. Ni Desemba, kura zimeshapigwa mara mbili, ndipo shirika la Privacy International lilipoonyesha kwamba kazi hiyo ilitoka kwa Harris Media, kampuni ya Texas. Sasa niambieni, semina gani ingemwezesha mama wa Kayole kulijua hilo mwezi Agosti? Hofu yake haikuwa ya kijinga. Alikuwa ameziona vurugu za baada ya uchaguzi wa 2007 kwa macho yake, na waliotengeneza video walijua pa kumgusa.

Ninachotaka ni kidogo: kila tangazo la siasa libebe jina la aliyelilipia, na liwekwe mahali ambapo hata asiyelengwa nalo ataliona.

Mchangiaji: Ukiipa serikali mamlaka hayo itaanza na wapinzani. Halafu mwenye pesa atalipa kupitia kijana wa mtaani, jina litakuwa la kijana.

Mleta mada: La kwanza nalikubali, ndiyo maana sijasema mtu akague maudhui. La pili ni gumu zaidi. Lakini jina la kijana linafuatilika: alizitoa wapi hizo milioni? Tangazo lisilo na jina utaanzia wapi?