Expo 86 Vancouver: jimbo lilipata sifa, wazee wakatolewa vyumbani. Ilikuwa sawa?

Mleta mada:
Wakuu naomba tulijadili hili bila jazba. Mwaka 1986, kuanzia Mei 2 mpaka Oktoba 13, jimbo la British Columbia huko Kanada liliandaa maonyesho ya dunia pale Vancouver, na kando ya maji ya False Creek likajijengea banda lake na uwanja wa burudani wa Plaza of Nations, paa la vioo, watu milioni 22 wakapita mageti ya maonyesho. Kulipendeza, sikatai. Ila mitaa michache tu kutoka hapo, Downtown Eastside, kulikuwa na wazee wanaishi kwenye hoteli za bei chee, chumba kimoja, choo cha kushea, wengi walishafanya kazi za magogo na migodi wakazeekea humo. Wenye hoteli walipoona watalii wanakuja wakatimua mamia ya watu ili wapangishe vyumba kwa bei ya juu, na sheria ikawaruhusu maana wale wazee walihesabika wageni wa hoteli, sio wapangaji, hata kama umekaa miaka 30! Halmashauri ya jiji ikaiomba serikali ya jimbo iwape ulinzi, jimbo likagoma. Mzee mmoja mzaliwa wa Norway, karibu miaka 90, alitolewa chumba alichokaa miongo kadhaa, akaacha kula, baada ya wiki chache akafariki. Inaniuma sana hii.

Mchangiaji:
Pole mkuu, ila tazama na upande wa pili. SkyTrain, treni ya mjini, ilijengwa ikawahi maonyesho na mpaka leo inabeba watu, lile kuba lililojengwa kwa ajili ya maonyesho likawa Science World, kituo ambako watoto wanajifunza sayansi. Hasara ya maonyesho, zaidi ya dola milioni 300, ikafidiwa na hela za bahati nasibu. Bila tukio kubwa serikali haisukumiki.

Mleta mada:
Treni siipingi ndugu yangu, wala sisemi banda lisingejengwa. Ila 1988 ardhi ya maonyesho jimbo likamuuzia tajiri wa Hong Kong, Li Ka-shing, kwa dola milioni 320, leo ni maghorofa ya wenye nazo. Kuwalinda wale wazee kulitaka kifungu kimoja tu cha sheria kinachowaita wapangaji, hakuna saruji hapo wala nondo. Sasa wewe unayenitajia treni, yule mzee aliyetolewa chumbani angeipanda aende wapi?