Naombeni ushauri: wembe wa kukunja wa zamani, ndio nataka kununua wa kwanza

Wakuu habari za jioni. Ndevu zangu zinajikunja, nikinyoa na mashine shingo yote inajaa vipele, nimehangaika na mafuta ya kila aina wee. Sasa nataka nijifunze kunyoa na wembe wa kukunja, ule wenyewe wa kunolewa, sio huu wa vinyozi wa mtaani wa kubadilisha kiwembe.

Juzi nimepita soko la Karume nikakuta mzee kapanga vitu vyake chini kwenye turubai, kuna wembe mmoja mpini mweusi, shinani umeandikwa Solingen, kule Ujerumani wanakosifika kwa visu. Mgongoni una madoa ya kutu, hayo sijayaogopa, ila nilivyougeuza kwenye jua nikaona pengo dogo kwenye makali, karibu na ncha, kama punje ya mchele imemeguka. Anataka elfu arobaini, nimempa thelathini kagoma.

Je, pengo kama hilo linaondoka kwa kunoa au niachane nao? Jiwe la kunolea nimeambiwa nianze na namba 1000 nimalizie 8000 (namba ikipanda jiwe ni laini zaidi), hapa Dar nitalipata wapi la uhakika? Wale wa kunoa visu na baiskeli siwezi kuwapa, lile gurudumu litachoma chuma makali yafe kabisa. Na mkanda wa ngozi wa kupitishia makali kabla ya kunyoa, fundi viatu anaweza kunitengenezea? Halafu nakaa Kigamboni, hewa ya chumvi, mnatunzaje usile kutu?

Jumamosi narudi kwa mzee, naombeni mnijibu kabla.