Mrejesho: Hija ya siku moja Munyonyo na Namugongo pamoja na wazee wetu
Wapendwa, mwezi uliopita niliomba ushauri iwapo mahujaji 28 kutoka Bukoba, wengi wao wazee, wangeweza kuzuru kwa siku moja Munyonyo na Namugongo, mahali nchini Uganda walikouawa mashahidi wa imani ya Kikristo. Tumerudi salama, nami nawashukuru kwa dhati. Tulilala Kampala kama mlivyoshauri, tukaanza asubuhi na mapema Munyonyo, alikouawa Mtakatifu Andrea Kaggwa tarehe 26 Mei 1886, kisha tukaelekea Namugongo, ambako kanisa lenye umbo la nyumba ya Kiganda limezungukwa na nguzo 22, moja kwa kila shahidi Mkatoliki. Altare yake imejengwa mahali alipochomwa moto Karoli Lwanga, mmoja wa mashahidi hao. Pale, bibi mmoja aliweka mkongojo wake chini, akapiga magoti, akagusa sakafu kwa kiganja na kunyamaza muda mrefu, wala hakuna aliyethubutu kumhimiza. Kwangu mimi, hilo peke yake lilitosha kuwa sababu ya safari. Ndiyo maana tulichelewa kufika eneo la Waanglikana la Namugongo, na nasikitika kwamba sanamu za mashahidi waliofungwa ndani ya matete tuliziona kwa haraka. Mwenye wazee apange siku mbili.