Jumuiya yetu ya maji inakaguliwa: tujiteteeje tusiunganishwe?

Muuliza: Wakuu, jumuiya yetu ya watumia maji huku pembezoni mwa Ilala, Dar es Salaam, inafanyiwa tathmini na serikali kuona kama iunganishwe na chombo kingine cha maji. Tupeleke nini mezani?

Fundi Dira: Mkuu, anzeni na dira, yaani mita za maji. Kisima kikisoma uniti 1,000 kwa mwezi na wateja wakasomewa 700, asilimia 30 imepotea, na hapo ndipo mtabanwa. Dira kuu na za wateja zisomwe siku moja. Zikipishana wiki nzima, hesabu inadanganya. Kioski nacho kiwe na dira yake, maana maji mengi "yanayopotea" huuzwa pale bila kuandikwa.

Mhasibu: Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira Na. 5 ya 2019 inavitambua vyombo vya maji ngazi ya jamii, kwa hiyo cheti cha usajili kikae juu ya faili. Halafu mihtasari ya vikao yenye sahihi, taarifa za benki, majibu ya vipimo vya maji. Makusanyo yakitumika kabla ya kupelekwa benki, hata kama yamenunua bomba kweli, hiyo ni hoja ya ukaguzi.

Muuliza: Na deni la umeme wa pampu?

Mhasibu: Liandikeni wenyewe, na ratiba ya kulilipa. Wakiligundua wao, mmeficha.

Bi Mkubwa: Kelele za mkutano wa hadhara hazisaidii. Ombeni rasimu ya ripoti, mjibu hoja kwa hoja kwa maandishi, kila jibu na kiambatisho chake.