Fundi kapigilia misumari juu ya vigae, sasa maji yanapita nyuma ya gata!

Wakuu, nina hasira hapa nilipo. Banda langu la gari lina paa la vigae vya lami, na miaka yote halijawahi kuvuja hata tone. Nilichotaka ni gata tu, maana maji ya paani yalishaanza kuchimba udongo chini ya ukuta. Nikaita fundi, akamaliza siku hiyohiyo, nikamlipa.

Mvua ya kwanza tu, fisha bodi, ule ubao wa ukingoni mwa paa, imelowa chapachapa na gata halina maji ya maana. Nikapanda ngazi. Vishikizo vyote vya gata kavipigilia misumari juu ya vigae, vichwa viko wazi! Upande ule wa paa una mita za mraba 18. Mvua ya milimita 20 ni lita 360, na nyingi zinaishia kwenye mbao.

Kabla hajaanza nilimuuliza kuhusu bati la ukingo, lile linalochomekwa chini ya kigae na mdomo wake kushukia ndani ya gata. Akanijibu kwamba vigae vikishafungwa haviinuliwi tena. Vinainuliwa! Unapitisha chuma bapa taratibu chini ya kigae hadi gundi iachie. Jua likiwa kali vinalainika na kuchanika, baridi ikizidi vinapasuka, kwa hiyo unachagua saa. Vishikizo navyo hufungwa kwa skrubu kwenye fisha bodi, kila sentimita 60 hivi. Paa haliguswi.

Mteremko ndio kabisa hakuna. Kila mita 3 zingeshuka walau milimita 6 kuelekea kwenye bomba. Nimeweka pimamaji, gata limelala sawa na katikati limebonyea, maji yametuama humo mpaka leo.

Nimempigia, anasema nipake silikoni kwenye vichwa vya misumari. Kigae kinatanuka na kusinyaa kila siku, hiyo silikoni itashika mpaka lini? Nataka aje ang'oe kila kitu, abadilishe vigae alivyotoboa, achomeke bati, afunge upya, kisha tumwage maji kwa mpira nikiwa nimesimama pale. Eti hiyo ni kazi mpya, nilipe tena. Silipi!

Aliyewahi kubadilisha vigae vya mstari wa chini bila kuharibu vya juu yake, naomba anieleze alivyofanya. Mbao bado ngumu, sitaki kusubiri zioze.